Njia ya Kwenda Laetoli

Kutoka korongo la Olduvai hadi Laetoli ni kilomita kama 45 tu kuelekea kusini. Kwa lami usingemaliza saa nzima. Kwa njia ile ya nyika, inayopita chini ya mlima Lemagrut upande wa magharibi, dereva anayeijua huitengea nusu siku wakati wa kiangazi, na masika haigusi kabisa. Nimeendesha watalii, watafiti, wagonjwa na magunia ya mahindi katika nchi ya Ngorongoro karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijapita njia nyingine fupi kiasi hicho yenye historia nzito namna ile. Watu husoma habari za nyayo za Laetoli, na wana haki ya kuzisoma. Mimi nataka kuisimulia njia, kwa sababu asiyeijua njia hawezi kuelewa kwa nini nyayo hizo zilingoja hadi mwaka 1978, wala kwa nini bado zipo.

Habari za nyayo zenyewe nizitaje kwa ufupi, maana shuleni zinafundishwa. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano, inayodhaniwa kuwa ya Sadiman, ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, kisha majivu mengine yakaja kufunika. Msafara mkuu wa nyayo una urefu wa mita 27 na alama zipatazo 70. Hakuna ushahidi wa zamani zaidi wa nyayo za jamii yetu uliohifadhiwa kwa uwazi wa namna hiyo.

Kabla ya magari kulikuwa na mapito ya ng'ombe. Wafugaji wa Kimaasai waliishika nchi ile kwa kufuata maji na magadi, na mpaka leo ukipotea kule, jambo la busara ni kutafuta pito la mifugo na kulifuata, kwa kuwa ng'ombe hawapandi mlima bila sababu na hawavuki korongo mahali pabaya. Wazungu wa kwanza waliofika Olduvai, Kattwinkel mwaka 1911 na Hans Reck mwaka 1913, walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi. Hakuna aliyewaza gurudumu.

Gurudumu lilifika mwaka 1931, pale mtafiti Louis Leakey alipotoka Nairobi na magari, Reck akiwa pamoja naye, wakaingia Olduvai mwezi Septemba. Msomaji asidhani yalikuwa magari kama haya ya sasa. Magari ya wakati ule yalisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Gurudumu la nyuma likianza kuzunguka bure ndani ya tope, la mbele linakaa tu limetulia, halina msaada wowote. Dawa yake ilikuwa koleo, kamba, matawi ya miti na mabega ya watu. Kila kitabu kinachosema mtaalamu fulani "alifika" mahali fulani miaka hiyo, mimi nasoma kwamba kulikuwa na kundi la vijana waliosukuma wakiwa wamejaa tope hadi magotini, na majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 1935 Leakey alirudi, safari hii akipitia Ngorongoro, na Mary Nicol, aliyekuja kuwa mke wake, akaiona nchi ile kwa mara ya kwanza. Tope la kupanda ukingo wa Ngorongoro liliwatesa sana. Mimi naiamini habari hiyo bila kuuliza ushahidi. Udongo mwekundu wa ule ukingo ukilowa unateleza hata kwa mtu mwenye fimbo, na barabara ina bonde upande mmoja.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu ndiye mwanzo wa historia ya njia ya Laetoli. Jina lake ni Sanimu. Alifika kambini Olduvai mwaka huohuo wa 1935 akawaambia kwamba upande wa kusini kuna mahali penye mifupa iliyogeuka mawe. Hakuwa na ramani, wala hakuwa amesoma elimu ya miamba. Alikuwa amepita pale akatazama chini. Kwa neno lake wakaenda, na mifupa wakaikuta. Kwenye vitabu vingi vinavyoeleza Laetoli anapata mstari mmoja, na vingine havimtaji. Kwangu mimi mtu aliyesema "kuna kitu kule, na njia ni hii" anastahili zaidi ya mstari.

Safari ile ya 1935 haikukaa sana. Miongoni mwa vitu walivyoondoka navyo lilikuwamo jino moja la chonge. Lilipelekwa London, likawekwa pamoja na mabaki ya nyani na kima, likakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 40, mpaka mtaalamu Tim White alipolitazama upya na kuonyesha kwamba ni la kiumbe wa jamii ya binadamu. Yaani jibu lilikuwa kabatini tangu 1935. Lakini kurudi kulikotoka jino kulimaanisha vikwazo vilevile: tope, miiba, maji ya kunywa ya kubeba, petroli ya kubeba. Mwaka 1939 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipata kipande cha taya la juu karibu na mto Garusi, eneo hilohilo. Kisha vita vikaja, na kwa miaka mingi pakabaki na wenyewe, wafugaji na wanyama.

Kilichobadilisha hesabu ni gari. Mwaka 1948 kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover kwenye maonyesho ya magari huko Amsterdam. Bodi lake lilikuwa la aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na injini ilisukuma magurudumu yote manne. Likafika kwetu, na baada ya muda mfupi neno "Landrova" likawa jina la gari lolote la porini. Zile za zamani zilikuwa na vishikio viwili vya ziada pale chini, kando ya gia: kimoja chenye kichwa cha njano, ambacho ukikibonyeza unaingiza magurudumu ya mbele, na kingine chenye kichwa chekundu cha kuingiza gia nzito. Nimejifunzia kazi kwenye gari la namna hiyo, na mkono wangu ungali unajua vilipo hata nikifumba macho.

Mzee aliyenifundisha alikuwa Mwiraqw wa Karatu, mtu wa maneno machache. Tulipofika kwenye korongo la kwanza lenye tope nilikuwa tayari nimevuta kile chekundu na mguu uko kwenye mafuta. Akazima gari kwa mkono wake.

"Kijana, shuka."

"Mzee, si tunapita tu?"

"Usikanyage mafuta kabla hujakanyaga tope kwa mguu wako mwenyewe."

Nikavua viatu, nikavuka korongo kwa miguu, nikarudi. Upande wa kushoto mguu uliishia kwenye kifundo, chini yake kuna changarawe. Upande wa kulia, ambako alama za gari lililotangulia zilikuwa zimepita na mimi nilitaka kuzifuata, mguu ulizama hadi karibu na goti na chini hakukuwa na kitu. Tukapita kushoto, gia ya pili nzito, bila kubadilisha gia katikati na bila kukanyaga klachi. Hiyo ndiyo elimu yote ya tope, na mengine ni maelezo yake.

Lakini tope ni la msimu. Adui wa kudumu wa njia ya Laetoli ni nyasi na miiba. Ukishaondoka kwenye tambarare za Olduvai, ambako majivu ya volkano yamefanya udongo mwepesi na nyasi za kupitisha jicho, unaingia kwenye migunga na nyasi ndefu zinazofika kwenye boneti. Humo alama za magari hupotea. Chini ya nyasi kuna mashimo ya ngiri na mhanga yenye ukubwa wa kumeza gurudumu zima, na dereva hayaoni. Kwa hiyo tanboi hushuka na kutembea mbele ya gari na fimbo, naye anatazama chini kwa sababu mbili, maana moma wanapenda sana nyasi zile. Mary Leakey mwenyewe aliandika kuhusu nyoka hao na kupe wa Laetoli, na kwa hilo naweza kumwekea saini.

Kisha kuna mbegu za nyasi. Mtu asiyeendesha kule haamini kwamba mbegu zinaweza kusimamisha gari. Zinaingia kwenye rejeta kidogokidogo, zinajishindilia kati ya mapezi yake, hewa haipiti, na mshale wa joto unaanza kupanda huku gari likitembea polepole bila upepo. Tulikuwa tunafunga wavu wa mbu mbele ya rejeta, na kila baada ya muda tunasimama, tunafungua boneti, mmoja anachomoa mbegu kwa kijiti na mwingine anapiga mswaki. Baada ya hapo unalala chini ya gari kutazama ekzosi. Nyasi kavu zikijikusanya juu ya bomba la moshi zinashika moto, na gari linaungua lote, watu wamesimama kando hawana maji ya kuzima. Nimewahi kuona mabaki ya gari lililoungua hivyo, limebaki chesesi na springi. Anayekwambia kwamba kuendesha porini ni nguvu za injini hajawahi kulala chini ya gari saa saba mchana akichomoa nyasi moja moja.

Matairi nayo. Miiba ya migunga inapenya, hasa ile mikavu iliyolala chini. Zamani tulibeba tyubu za akiba, viraka, gundi na pampu ya mkono, na pancha mbili kwa siku hazikumshangaza mtu. Kwenye mchanga wa mtoni unapunguza upepo, ukitoka unajaza tena. Kujaza tairi la Landrova kwa pampu ya mkono ni kazi ya zamu.

Sasa rudi kwenye historia ukiwa na picha hiyo. Mwaka 1959, Julai 17, Mary Leakey alipata Olduvai fuvu la kale lililoitwa Zinjanthropus, akiwa na mbwa wake, akarudi kambini mbio na Land Rover kumwambia mumewe aliyekuwa amelala na homa. Gari lilikuwepo, uzoefu ulikuwepo, na Laetoli iko umbali uleule wa kilomita 45. Hata hivyo Olduvai ilimeza nguvu zote kwa miaka 15 iliyofuata. Sababu za kielimu zipo, sibishi. Ila mimi kama dereva naongeza moja: unapokuwa na kazi nyingi nyuma ya hema lako, huendi kutafuta nyingine nyuma ya miiba.

Aliyeifungua tena njia hakuwa mtaalamu. Alikuwa jirani, George Dove, mwenye kambi ya kulaza wageni kule Ndutu, aliyemwonyesha Mary visukuku vilivyotoka upande ule. Mary akaenda mwaka 1974. Mwaka huohuo Maundu Muluila, mmoja wa wafanyakazi wake wa Kikamba, aliona taya la chini likichungulia ardhini. Taya hilo limepewa namba LH 4, na mwaka 1978 lilichaguliwa kuwa kielelezo rasmi cha spishi nzima ya Australopithecus afarensis. Ulimwengu unaijua mifupa ya Lucy wa Ethiopia. Lakini spishi hiyo ya Lucy, kwenye kanuni za sayansi, inasimama juu ya taya lililookotwa na Maundu Muluila katika wilaya ya Ngorongoro, mwisho wa njia ninayoieleza.

Mwaka 1976 wageni wa kambi ya Laetoli walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo wa jioni, na mmoja wao, Andrew Hill, alipoinama kukwepa akajikuta uso kwa uso na alama za wanyama na matone ya mvua kwenye majivu yaliyokuwa mwamba. Miaka miwili baadaye Paul Abell, mmoja wa timu, aliona alama ya kisigino. Mary hakuwa na uhakika wa kutosha, akampa mfanyakazi wake Ndibo Mbuika kazi ya kuchimba. Ndibo alichimba akaja kuripoti kwamba kuna nyayo zaidi ya moja. Hapo ndipo msafara ulipoanza kufunuka, na ulifunuliwa hadi 1979.

Kisha wakazifunika tena, na kufunika kwenyewe kukawa somo. Udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga ndani yake. Zikaota, mizizi ikashuka kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Getty Conservation Institute ya Marekani walishirikiana, wakafukua kwa awamu mwaka 1995 na 1996, wakaua mizizi, wakazifunika upya kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa vyenye dawa ya kuzuia mizizi, na juu yake mawe ya volkano. Vitu hivyo havikuanguka kutoka mbinguni. Mchanga wa kujaza eneo lile ni uzito wa magari mengi, na kila gari lilipita kwenye makorongo yaleyale, likatiwa gia nzito na dereva fulani aliyeshuka kwanza kukanyaga. Wazee wa Kimaasai nao walishirikishwa kwa baraka na ulinzi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua bora kuliko zote zilizochukuliwa pale. Jiwe la juu halimzuii mtu asiyeheshimu mahali.

Mwaka 2011 serikali ilitangaza nia ya kuzionyesha nyayo kwa umma na kujenga makumbusho pale pale. Hoja ilikuwa nzuri: urithi ni wa Watanzania, kwa nini wauone kwa nakala ya plasta kule Olduvai? Wakati wa kuchimba vishimo vya majaribio kwa ajili ya jengo hilo, mwaka 2015, timu ya akina Profesa Fidelis Masao ilikuta nyayo nyingine, mita 150 tu kutoka zile za kwanza. Habari zake zilichapishwa mwaka 2016. Nilipozisoma niliwaza magari yote yaliyogeuza pale kwa miaka mingi, na mangapi yalipita juu ya majivu yale bila mtu kujua.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipokamilika, na nausema wazi. Watu wa Endulen, Esere na Kakesio wanahitaji barabara ya kupitika mwaka mzima. Nimewahi kubeba mama mjamzito usiku wa mvua kwenda hospitali ya Endulen, mwenyeji wa Kimaasai amekaa mbele ananiongoza kwa mkono, kushoto, kulia, ngoja, huku mume wake nyuma akimshika asirushwe. Nilimwuliza yule mzee, "Baba, unaonaje njia gizani?" Akanijibu kwamba yeye haoni njia, anaona mlima. Lemagrut ilikuwa nyeusi zaidi kuliko anga, na alikuwa anapima kona kwa ukingo wake. Hakuna mtu anayepaswa kujifungua kwa kutegemea ustadi wa namna hiyo, hata kama ni ustadi mkubwa kiasi gani. Barabara ya vijiji ijengwe.

Lakini kipande cha mwisho, kinachotoka kwenye vijiji kwenda kwenye majivu yenyewe, kibaki cha polepole: njia moja iliyowekewa alama, makalvati kwenye makorongo yasiendelee kumomonyoka, na marufuku ya kuchepuka. Ugumu wa njia ile umekuwa mlinzi wa bure kwa miaka 90 tangu Sanimu aende Olduvai. Pale gari linapoweza kwenda popote, dereva mvivu akiona tope hukata njia mpya kando yake, mwingine akakata kando ya hiyo, na baada ya misimu michache tambarare nzima imekwanguliwa. Nimeyaona hayo kwenye tambarare za Ndutu. Yakitokea Laetoli, kitakachokwanguliwa hakina mbadala duniani.

Kwa madereva wenzangu mnaopeleka wageni kule: nendeni kiangazi, chukueni mwenyeji wa hapo hapo na mumlipe vizuri, fuateni alama moja hata kama ni mbaya. Na kwa wanaosimamia makumbusho ya Olduvai nina ombi. Picha za wataalamu zipo ukutani na zibaki. Ongezeni ubao mmoja wenye majina ya Sanimu, Maundu Muluila na Ndibo Mbuika, na mwacheni mtu akae na madereva na watembezi wazee wa Karatu na Endulen aandike njia zao, maana wangali hai na wanakumbuka kila korongo kwa jina lake.